Boti imezima umeme ghafla katikati ya maji, uanzie wapi kutafuta

Umeme wa boti una roho mbaya. Haukati mkiwa mmefunga kamba gatini na fundi yuko pembeni anakunywa kahawa, unakata saa kumi na mbili na nusu jioni, kusi inavuma, na ndani una abiria tisa ambao nusu yao hawajui kuogelea. GPS inaingia giza, redio kimya, injini inakohoa mara moja, halafu unasikia maji tu yanagonga ubavuni.

Nianze na jambo moja ambalo watu wengi wanalikosea. Umeme ukikata GHAFLA, betri isiwe mshukiwa wako wa kwanza. Betri ikitaka kufa huwa inaaga, taa zinafifia, stata inavuta kizembe asubuhi, siku mbili tatu inakulalamikia ila wewe unapuuza. Kinachokata pap bila kuaga ni kiungio: nati iliyolegea, klampu iliyoota ukungu wa kijani, waya uliokatikia ndani ya ganda, swichi kuu iliyochoka, au fyuzi. Nimeona watu wamenunua betri mpya mara tatu kwa mwaka kwa tatizo la nati ya shilingi mia mbili.

Hapa naongelea hizi boti zetu za faiba, futi 20 mpaka 35 hivi, injini za nje, umeme wa volti 12, zile za kuvua na za kupeleka wageni visiwani. Meli zenye jenereta na chumba cha mashine ni habari nyingine.

Kabla hujashika spana

Nanga kwanza. Fundi mzuri kwenye boti inayoserereka kuelekea mwamba hana faida yoyote. Kama mko sehemu ya kina kirefu, mfano mkondo wa Pemba ambako nanga yako haitafika chini hata ukiunga kamba zote, basi funga ndoo moja mbili kwenye kamba ndefu toka omo, yaani mbele ya boti, uziache majini, zitavuta kichwa cha boti kielekee mawimbi msipigwe ubavu. Kila mtu avae boya, na usisubiri mpaka hali iwe mbaya.

Halafu angalia ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika. Hili watu wanalisahau kabisa! Umeme umekata maana yake na pampu ya kutoa maji imekata, na kama boti yako ina kavujo ambako pampu ilikuwa inakaficha kimyakimya kila siku, sasa hivi maji yanapanda. Na mara nyingine maji yenyewe ndiyo chanzo, yamepanda mpaka kwenye betri au kwenye viungio vilivyowekwa chini kuliko inavyotakiwa. Mpe kijana ndoo afue maji wakati wewe unatafuta.

Kisha nusa. Harufu ya plastiki iliyoungua au moshi, zima swichi kuu hapohapo, maswali baadae. Harufu ya petroli, hapo ni kinyume, usiguse swichi yoyote wala usitoe waya, maana cheche moja inatosha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala chini kwenye ngama, kwa hiyo fungua vifuniko vyote upepo upite dakika kadhaa mpaka harufu iishe kabisa ndo uanze kazi.

Na toa taarifa mapema, simu ikiwa bado ina chaji. Redio kubwa ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, inakula betri ileile iliyokufa, kwa hiyo hapo haikusaidii, ndo maana nawaambia watu wawe na ile ndogo ya mkononi, ina wati 5 tu dhidi ya 25 za ile kubwa lakini chaneli 16, ile ya kuombea msaada, ni ileile. Simu yako pia inapata GPS hata pasipo mtandao, soma namba za mahali ulipo uziandike kwenye karatasi.

Nini kimekufa na nini bado kiko hai?

Usichomoe kitu kabla hujajibu hili swali, maana ukianza kuchomoachomoa unafuta ushahidi. Washa taa ya nje, bonyeza honi, washa pampu kwa mkono, zungusha ufunguo. Dakika moja tu. Jibu litakupeleka kwenye moja ya njia hizi.

Kila kitu kimekufa, hata stata

Taa hakuna, honi hakuna, ukizungusha ufunguo hata tik husikii. Hii kwa kweli ndiyo rahisi kuliko zote japo inatisha, kwa sababu kitu kinachoweza kuua vyote kwa pamoja lazima kiwe kwenye njia ambayo vyote vinapita, na njia hiyo ni fupi: kichwa cha betri, waya mnene, swichi kuu, fyuzi kuu kama ipo, na upande wa pili waya wa nega, yaani hasi, unaorudi. Basi. Mita mbili tatu za waya.

Anza na mkono wako. Shika kila waya pale kwenye kichwa cha betri uutikise kwa nguvu. Ukizunguka, umeshampata. Zile nati zenye masikio unazokaza kwa vidole mimi sizipendi hata kidogo, boti inapiga mawimbi masaa mawili zenyewe zinajifungua, weka nati ya spana yenye kujibana.

Nakumbuka siku moja mzee mmoja nahodha alinipigia yuko nje ya Kilindoni, Mafia, amebeba wageni waliokwenda kuangalia papa potwe, boti imezima kabisa. Namwamkia shikamoo nahodha, anaitikia marahaba mwanangu, hata hajamaliza anaanza kulia na muuza betri, "betri ina wiki mbili tu hii, wamenipiga!" Nikamwambia acha betri kwanza, shika waya wa nega utikise. Kimya kidogo. Halafu nikasikia, "unazunguka." Akaukaza kwa koleo, taa zikarudi, akaniambia asante mwanangu na simu akakata, hata ile habari ya kupigwa hakuirudia tena. Alipokuwa anaweka betri mpya alikaza chanya vizuri, nega akakaza kwa vidole akisema ataimalizia baadae.

Kama vimekaza lakini bado giza, chukua mita ya kupimia umeme. Weka kwenye volti za DC, gusa vichwa vyenyewe vya betri, ile risasi, SIYO klampu inayobana waya juu yake. Betri iliyojaa na iliyotulia inasoma 12.6 au 12.7, nusu ni kama 12.2, na ukiona 11.8 kushuka chini hiyo imekwisha. Sasa hamisha waya mmoja wa mita kutoka kwenye risasi uweke kwenye klampu, taa ikiwa imewashwa. Risasi inasoma 12.6 klampu inasoma 3? Umeme umekatikia katikati ya hivyo viwili, kwenye ule uchafu ambao kwa macho unaonekana si kitu. Fungua, kwangua mpaka uone chuma kinang'aa pande zote mbili, rudisha, kaza.

Ukipita hapo salama nenda swichi kuu. Pima bolti ya kuingilia, pima ya kutokea. Kuna umeme kuingia na hakuna kutoka, swichi imekufa ndani, na kwa swichi zinazomwagiwa maji ya chumvi hilo ni la kawaida tu. Dawa ya kufika nyumbani: zima vitu vyote, toa waya wa kutokea uuhamishie kwenye bolti ya kuingilia pamoja na ule mwingine, kaza. Umeiruka swichi. Ila kuwa makini spana yako isiguse chanya na chuma cha injini kwa wakati mmoja, hapo utaona radi mkononi. Kama una betri mbili, kabla ya yote hayo jaribu kugeuza kwenda betri ya pili, na usikimbilie kuweka zote mbili, maana kama moja imekufa kwa ndani, ile nzima itaanza kuilisha mgonjwa na mtabaki hamna kitu.

Fyuzi kuu pia usiiamini kwa macho. Nimewahi kutoa fyuzi inaonekana nzima kabisa kumbe imepasuka kauzi kembamba pale pembeni. Pima pande zote mbili ikiwa mahali pake.

Taa zinawaka safi ila ukigusa ufunguo vyote vinazima

Hii ndo inayowachanganya watu sana. Mita inasoma 12.6, taa ziko vizuri, unasema umeme upo, unazungusha ufunguo, tik, giza. Unaachia, taa zinarudi. Watu wanabadilisha stata hapa bure kabisa.

Kinachotokea ni hivi, taa inakula ampia moja mbili, stata inataka mia na zaidi. Kiungio kilichooza kinaweza kupitisha ampia mbili bila shida, kama bomba lililoziba linavyotoa matone, ukitaka ndoo ijae kwa mara moja ndo unagundua limeziba. Kwa hiyo kupima volti bila mzigo ni kujidanganya. Pima WAKATI mtu anazungusha ufunguo. Weka mita kwenye risasi za betri, mwambie kijana azungushe sekunde tatu. Kama risasi zenyewe zimeanguka chini ya 9.6 hivi na betri ilikuwa imejaa, hapo sasa ndo betri, sahani za ndani zimekufa, kanunue. Lakini risasi zikibaki kwenye 12 na stata haigeuki, betri nzima, tatizo ni njia.

Na hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote. Weka waya mmoja wa mita kwenye risasi ya nega na mwingine kwenye chuma cha injini, azungushe. Unapima waya wa nega mzima kwa mkupuo mmoja. Njia nzuri itasoma karibu na sifuri, ikifika nusu volti anza kushuku, ikisoma volti 2, 3, kuna kiungio kinakula umeme wako humo njiani, sogeza waya wa mita kiungio kwa kiungio mpaka namba iruke. Pale iliporuka ndipo penyewe. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, toka risasi mpaka bolti ya stata. Na ukikosa mita kabisa tumia mkono: jaribu kuwasha mara kadhaa halafu pitisha vidole kwenye viungio, kilichooza kitakuwa cha moto. Taratibu, kinaunguza kweli.

Injini imezima ila taa ziko

Hapa umeme wa boti haujakata, umekata wa injini peke yake. Kabla ya kufungua kofia ya injini, angalia ile kamba nyekundu ya usalama inayofungwa mkononi, ambayo ikichomoka injini inazima. Mara nyingi mtu ameikanyaga, au mtoto wa mgeni ameichezea. Usicheke, imenipata na mimi. Halafu fyuzi ya injini yenyewe, iko chini ya kofia, na mara nyingi watengenezaji wanaweka na ya akiba hapohapo pembeni.

Ila ujue injini uliyonayo. Zile tustroki za kamba, mfano Yamaha Enduro ya 40 iliyojaa pwani yote, zinajitengenezea umeme wa plagi kwa sumaku, hazihitaji betri kuunguruma, utavuta kamba na utafika nyumbani hata betri ukiitupa baharini. Na kwenye hizo swichi ya kuzimia inafanya kazi kwa kupeleka waya kwenye chuma, kwa hiyo chumvi ikiingia kwenye swichi au waya ukichunika ukagusa chuma, injini inazima kama vile umeizima wewe. Chomoa ule waya wa swichi ya kuzimia pale kwenye injini, ikiwaka, umepata jibu, ila jua kabisa kwamba sasa kuizima itabidi uvute choki au ukate mafuta, na ile kamba ya usalama haina kazi tena mpaka utengeneze. Fostroki kubwa za kisasa zenye kompyuta ni tofauti, zinategemea betri, ikikatika zinaweza kuzima, na nyingi kuvuta kamba hakuna.

Umeme unakuja na kukata kila boti inapopiga wimbi

Kiungio kimelegea, wala usiumize kichwa. Washa kila kitu, mtu mmoja aangalie taa, wewe pita unatikisa waya kimoja baada ya kingine, nyuma ya paneli, kwenye plagi, pale waya unapopita tundu la ukuta. Taa ikikonyeza, hapohapo. Mara nyingi sana nakuta waya wa nyumba, ule wa shaba ngumu, mtu ameutumia kwenye boti kwa sababu ni rahisi na ulikuwepo. Ule haukutengenezwa kwa mtetemo, unakatikia ndani na ganda la nje linabaki zima, unaukagua siku nzima huoni kitu. Vuta kidogo, ukirefuka kama mpira umekatika ndani. Na mambo ya kusokota waya mbili halafu kuzungushia tepu nyeusi jamani tuache, chumvi inapanda ndani ya nyuzi za shaba, ukichuna unakuta nyeusi tii mpaka nusu mita. Kata mpaka upate shaba inayong'aa. Kama mfuko unaruhusu nunua waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati, ubane lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, kwa koleo lake, juu vesha ule mpira unaojibana ukiupasha moto.

Na usidhani ni mambo ya boti zetu ndogo tu. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena Dali, urefu mita 300 hivi, ilizima umeme mara mbili ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ikagonga daraja la Francis Scott Key likaanguka, wakafa watu 6 waliokuwa wanafanya kazi juu yake. Wachunguzi wakapitia mpaka wakafika kwenye waya mmoja uliolegea, kibandiko cha kuandikia jina la waya kilivishwa vibaya kikazuia ncha yake kuingia mpaka mwisho. Waya mmoja, kwenye meli yenye maelfu ya waya. Mimi tangu nisome ile habari kila waya ninaofunga nauvuta mara mbili.

Fyuzi inakata, unaweka nyingine, inakata tena

Kuna shoti mahali, na kubandika ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kuweka fyuzi ya 30 pahala pa 10 ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya, na waya umelala juu ya tenki. Badala ya kuchoma fyuzi kumi, chukua balbu ya breki ya gari, iunge mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Sasa chomoa vifaa kimoja kimoja, kile ambacho ukikichomoa balbu inafifia au inazima, ndiye mwizi. Ninaowakuta mara nyingi ni taa ya mlingotini iliyoingia maji, waya uliochunwa na ukingo wa tundu, na pampu ya ngama iliyomeza kamba ya nailoni ikakwama. Hiyo ya pampu siyo shoti hasa, mota iliyokwama inavuta umeme mwingi mpaka fyuzi inashindwa, toa takataka na itazunguka.

Haikukata ghafla, ilififia kwanza

Basi hujapoteza umeme, umeumaliza. Betri haichajiwi. Injini ikiunguruma kasi ya wastani pima kwenye betri, inatakiwa usome kati ya 13.8 na 14.5. Ukisoma 12.4 na inazidi kushuka, angalia mkanda kama una alternata, na kwenye injini za nje angalia regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, na plagi zake, zinapenda kuungua. Ukisoma juu ya 15 regyuleta imekufa upande mwingine, inaichemsha betri, utasikia harufu ya yai bovu, kaa mbali na usiwashe kiberiti. Na kama una alternata usizime swichi kuu injini ikiwa inaunguruma hata kama ni kwa sekunde moja, diodi za ndani yake zinaweza kufa hapohapo, na hii nimeshaona inafanywa na mtu mwenye leseni.

Wengine wanakuta betri imekwisha asubuhi, jana usiku ilikuwa nzima. Zima kila kitu, toa waya wa nega, weka mita katikati ikiwa kwenye ampia, tundu la 10, na usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo utaiunguza. Ikisoma zaidi ya vijidesimali kuna kitu kinakunywa usiku. Mara ya mwisho kwangu ilikuwa swichi ya kuelea ya pampu, kaa mdogo ameingia chini yake kaiinua, pampu imezunguka kavu usiku kucha.

Vya kubeba kwenye ndoo yenye kifuniko: mita ya bei rahisi, spana ya 10 na ya 13, koleo, brashi ya waya, fyuzi za kila namba, waya mnene mita mbili wenye lagi pande zote, ile balbu, na tochi ya kichwani. Ukioshea vichwa vya betri maji ya moto na bekingi soda ile ya keki yanatosha, halafu paka grisi juu baada ya kukaza, siyo kabla. Na ukifungua betri nega inatoka kwanza na inarudi ya mwisho. Ile spana ya 13 ifunge kamba kabisa kwenye sanduku la betri, maana usipoifunga vijana watakuja kuiazima.